Namna ya Kubuni Bizimu la Mikanda ya Punda wa Mkokoteni

Msomaji akisimama asubuhi kando ya kisima katika nyanda kavu za Dodoma au Singida, hatakosa kuona punda wakikokota mapipa ya maji. Awatazame kwa makini, hasa mahali mikanda inapopita kifuani, nyuma ya miguu ya mbele na juu ya mgongo. Kwa wengi wao ataona mabaka ya manyoya meupe. Mabaka hayo si rangi ya kuzaliwa, kwani ngozi ya punda ikijeruhiwa na kupona, manyoya yanayoota mahali pale mara nyingi huwa meupe. Kila baka ni kumbukumbu ya kidonda, na kila kidonda kina habari yake. Punda alifanyishwa kazi huku anaumia, au alipumzishwa na maji yakarudi kubebwa vichwani na akina mama na watoto.

Aghalabu lawama huwekwa juu ya mzigo. Ni kweli mzigo wa kupita kiasi huumiza, lakini mkanda usiomkaa punda sawasawa humchubua hata mkokoteni ukiwa mtupu. Nao hukosa kukaa sawasawa kwa sababu moja ambayo ni rahisi kuisahau: umefungwa kwa fundo. Fundo la kamba ya katani likishavutwa kwa juma zima na kulowa jasho na vumbi halifunguki tena. Mwenye punda humvika mnyama wake kitanzi kile kile mwaka mzima, na huku mnyama hupungua mwili wakati wa kiangazi na kunenepa majani yanapoota. Mara nyingi pia seti moja ya mikanda hutumiwa kwa punda wawili au watatu kwa zamu, nao hawalingani. Katika makala haya tutajaribu kuonyesha jinsi mwanafunzi wa sekondari, akiwa na elimu yake ya fizikia na fundi wa kuchomelea aliye jirani, anavyoweza kubuni bizimu la kurefusha na kufupisha mikanda hiyo.

Kwanza tuitaje mikanda yenyewe. Mkanda wa kifua ndio unaopokea kani yote ya kuvuta. Kutoka ncha zake mbili hutoka mikanda ya kuvutia, mmoja kila ubavu, hadi kwenye mkokoteni. Mkanda wa shingo haukokoti kitu, kazi yake ni kuuning'iniza mkanda wa kifua katika kimo chake. Mkanda wa tumbo hulishika tandiko la mgongoni lisipinduke.

Kimo cha mkanda wa kifua ndicho kiini cha shauri zima. Ukikaa juu mno utabana koromeo, na punda atakosa pumzi. Ukikaa chini mno utazuia kiungo cha bega, na kila hatua itakuwa msuguano wa ngozi na mkanda. Mahali pake ni juu kidogo ya ncha ya bega na chini ya koo. Kwa punda mdogo wa kwetu nafasi hiyo ni ya sentimeta chache tu.

Sentimeta hizo chache zimewahi kuzusha mabishano makubwa ya wanahistoria. Mwaka 1931 Lefebvre des Noëttes, Mfaransa aliyekuwa afisa wa jeshi, alitoa kitabu akidai kwamba watu wa kale, Warumi wakiwa miongoni mwao, walishindwa kutumia nguvu za farasi kwa sababu mikanda yao iliwakaba koo. Dai hilo lilikubaliwa kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1970 Mfaransa mwingine, Jean Spruytte, alitengeneza upya mikanda ya mifano ya kale, akawafunga farasi hai na kuwaendesha. Alionyesha kuwa mikanda ya kale, ikitengenezwa na kukaa ilivyokusudiwa, haikumkaba mnyama. Picha za kuchongwa zilikuwa zimesomwa vibaya. Mwalimu wa historia na mwalimu wa fizikia wangeweza kugawana somo hili.

Turudi kwa punda wetu. Tuchukue punda mwenye uzito wa kilo 130 anayevuta mfululizo kwa kani inayokaribia asilimia 15 ya uzito wake, yaani nyutoni 200 hivi. Iwapo mkanda wa kifua una upana wa sentimeta 8 na unagusa mwili kwa urefu wa sentimeta 30, eneo la mgusano ni sentimeta za mraba 240, na kila sentimeta ya mraba inabeba chini ya nyutoni 1. Mahali pa mkanda huo tuweke kamba ya unene wa sentimeta moja na nusu. Eneo linakuwa 45, na kila sentimeta ya mraba inabeba zaidi ya nyutoni 4. Kwa hiyo mkanda mpana ni bora, na hilo wengi wanalijua. Lisilofikiriwa sana ni kwamba mkanda mpana uliokaa upande hugusa kwa ukingo wake tu, na ukingo ni kamba. Upana bila marekebisho ni gharama ya bure.

Sasa bizimu. Watu wengi hufikiria kwanza bizimu lenye ulimi na matundu, kama la mshipi wa suruali. Halina ubaya kwa mkanda wa ngozi. Lakini tundu la milimeta 8 katika mkanda wa sentimeta 4 huondoa moja ya tano ya upana unaobeba, na zaidi ya hapo mkazo hujikusanya kwenye kingo za tundu. Mhandisi Mjerumani Kirsch alionyesha mwaka 1898 kwamba katika bamba pana la kitu nyumbufu, mkazo kando ya tundu la duara hufikia mara tatu ya ule wa mahali pengine. Ngozi, kwa kuwa ni laini, hujinyoosha kidogo na kusamehe. Mkanda uliofumwa kwa katani au nailoni hausamehi, kwa sababu tundu hukata nyuzi zenyewe, na mfumo huanza kufumuka. Aidha, ili ulimi utoke tunduni ni lazima mkanda uvutwe kwanza ukazwe zaidi. Punda akianguka na kulalia mkanda, jambo hilo haliwezekani.

Kwa mikanda iliyofumwa, ikiwamo ile ya usalama inayotolewa katika viti vya magari mabovu, tunapendekeza bizimu la pete mbili zenye umbo la nusu duara. Pete zote mbili hushonewa pamoja kwenye ncha ya mkanda mmoja, upande ulionyooka ukielekea nje. Ncha ya mkanda wa pili hupitishwa ndani ya pete zote mbili kwa pamoja, kisha hurudishwa juu ya pete iliyo karibu na kuingizwa ndani ya ile nyingine, chini ya pete ya kwanza. Hakuna tundu, hakuna ulimi. Ni msuguano tu unaoshika.

Je, msuguano unatosha? Kanuni ya kamba iliyozungushwa kwenye nguzo, inayohusishwa na Euler wa karne ya 18 na baadaye Eytelwein, inasema kwamba kani inayoweza kuzuiwa hukua kwa kuzidishwa, wala si kwa kujumlishwa, kila pembe ya mzunguko inapoongezeka. Tukichukua kipimo cha msuguano kati ya mkanda na chuma kuwa 0.3, nusu mzunguko huzuia kani mara 2.6 ya ile inayoshika ncha, mzunguko mmoja mara 6.6, na mzunguko mmoja na nusu mara 17. Kipimo cha nguzo hakimo katika kanuni hii. Nguzo nyembamba na nene hushika sawa mradi pembe ni ile ile. Wanafunzi wengi hawaamini mpaka wajaribu.

Na jaribio ni rahisi. Funga bomba la chuma meza hadi meza, uning'inize uzito wa kilo 5 kwenye mkanda, uuzungushe mkanda nusu mara juu ya bomba, na ushike ncha ya pili kwa mizani ya springi. Legeza taratibu hadi mkanda uanze kuteleza, kisha soma mizani. Ikiwa msuguano ni 0.3 utasoma karibu kilo 2. Rudia kwa mzunguko mmoja na nusu, na mizani itaonyesha gramu 300 hivi tu. Halafu paka bomba maji ya sabuni, ujionee jinsi hesabu inavyoporomoka.

Katika bizimu letu mkanda huzunguka nusu mara kwenye pete moja na nusu mara kwenye ya pili, jumla mzunguko mmoja. Tuseme gurudumu limegonga jiwe na kila mkanda wa kuvutia, ambao kwa kawaida hubeba nyutoni 100, umefikia 400. Ncha inahitaji kushikwa kwa nyutoni 60 hivi. Ikiwa matope na jasho yamepunguza kipimo cha msuguano hadi 0.15, inahitaji zaidi ya 150. Ni nani anayeishika? Mkanda wenyewe. Pete mbili zikivutwa hukandamizana, na ncha imebanwa katikati yake. Kadiri punda anavyovuta ndivyo mbano unavyozidi.

Hapa pana jambo la kushangaza kidogo. Kwa kuwa kani ya kuvuta na kani ya kubana hukua pamoja, bizimu la namna hii haliulizi mzigo ni mzito kiasi gani. Likiwa na pembe na msuguano wa kutosha, hushika mzigo mdogo na mkubwa vile vile, mpaka kitu kivunjike. Likipungukiwa, litateleza hata kwa mzigo mwepesi. Adui yake halisi ni ulegevu. Punda anapotembea, mkanda hukaza na kulegea kwa kila hatua. Katika nukta ile ya kulegea pete huachana, mbano huisha, na mkanda huponyoka milimeta moja au mbili. Baada ya kilometa kadhaa mkanda wa kifua umeshafika magotini. Basi fundi asiridhike na jaribio la kuning'iniza jiwe zito. Alitikise bizimu likiwa halina mzigo, mara mia mbili au tatu, ndipo apime mkanda umetembea kiasi gani. Tiba ni nyepesi: ncha iliyobaki ichomekwe chini ya kitanzi kidogo kilichoshonwa juu ya mkanda, na mwisho wake ukunjwe na kushonwa uwe mnene, usiweze kupita katikati ya pete.

Kuhusu chuma, nondo ya milimeta 6 huonekana inatosha, tena hukunjika kwa urahisi. Hesabu inashauri vingine. Upande ulionyooka wa pete, wenye urefu wa sentimeta 5, ukibeba mkanda unaovuta nyutoni 400 katika pande zake mbili, hubeba karibu nyutoni 800. Mkazo wa kupinda katika nondo ya milimeta 6 hufika takribani nyutoni 236 kwa milimeta ya mraba. Chuma cha kawaida huanza kupinda moja kwa moja kwenye 250 hivi, na hivyo hatukubakiwa na akiba. Kwa nondo ya milimeta 8 mkazo huo huo hushuka hadi 100. Sababu ni kwamba ukinzani dhidi ya kupinda hukua kwa kipeo cha tatu cha kipenyo: uzito wa pete umezidi kwa mara 1.8, nguvu kwa mara 2.4. Fundi achague nondo laini isiyo na mabonde, na mshono wa kuchomelea auweke upande wa duara, autie tupa mpaka usimkwaruze mtu kidole. Pete zote ziwe za kipimo kimoja, ingawa bizimu la shingo halibebi mzigo mkubwa. Kutengeneza za aina moja ni rahisi kuliko kukumbuka ipi ni ya wapi.

Bizimu lisiwekwe juu ya uti wa mgongo, wala juu ya bega, wala nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele, na chini yake pawe na kipande cha ngozi laini kipana kuliko pete. Mkanda wa shingo unataka mabizimu mawili, moja kila upande. Wengi huweka moja ili kuokoa chuma, na hapo ndipo mkanda wa kifua unapokaa upande, kwa sababu kila sentimeta inayofupishwa upande mmoja huinua ncha moja tu. Mkanda wa tumbo unatosheka na moja. Kama mzingo wa kifua cha punda umepungua sentimeta 6, hiyo ni sawa na sentimeta moja tu ya nafasi kuzunguka mwili, na viganja vya mikono vitaigundua kabla ya macho. Kiganja bapa kipite kati ya mkanda na mwili bila kulazimishwa.

Ili kumwokoa punda aliyeanguka, bizimu lisitegemewe peke yake. Pete ya juu ikiinuliwa kwa kidole mkanda hulegea, lakini mnyama anayejitupa hampi mtu nafasi ya kutafuta pete. Mwisho wa kila mkanda wa kuvutia, kwenye mkokoteni, uwe na kitanzi kilichozuiwa na kijiti cha mti mgumu, chenye kamba fupi ya kukichomolea. Bizimu ni la kurekebisha, kijiti ni cha kuachia.

Limebaki tatizo moja ambalo bizimu la matundu lilikuwa limelitatua bila sisi kuligundua. Matundu huhesabika. Mtu husema punda huyu ni tundu la nne, kulia na kushoto, akamaliza. Mkanda usio na matundu hauna kumbukumbu. Kwa hiyo mkanda wa shingo ushonwe alama za uzi kila sentimeta mbili, zikilingana pande zote mbili, na kila punda anayetumia seti hiyo apewe rangi yake: uzi mwekundu kwa mmoja, mweusi kwa mwingine. Alama hizo zitazamwe upya mvua za kwanza zikinyesha, na tena kiangazi kikikolea.