Krismasi Kasubi: Chakula kinachomsubiri mgeni

KAMPALA, Uganda

Desemba inapokaribia ukingoni, pembezoni mwa Barabara ya Hoima katika eneo la Kasubi hujaa mikungu ya ndizi, kuku waliofungwa miguu na mafungu ya majani ya migomba. Wakazi wengi wa Kampala hufunga safari kwenda vijijini, kama Wachagga wa Tanzania wanavyopanda kwenda Kilimanjaro. Lakini zipo familia ambazo mjini ndiko ukoo unakokutanika, kwa bibi na babu waliojenga hapa zamani. Katika nyumba kama hiyo watu 30 au 40 wanaweza kula mchana mmoja. Mwenyeji asiyejipanga huimalizia sikukuu jikoni, kisha akauanza Januari na madeni.

Mapishi ya Kiganda yenyewe yana dawa ya nusu ya tatizo hilo. Ndizi za matoke humenywa, zikafungwa ndani ya majani ya migomba na kuwekwa kwenye sufuria kubwa juu ya vipande vya vikonyo vya majani, ili maji yasizifikie. Huiva kwa mvuke. Zikishaiva hupondwa zikiwa ndani ya majani yale yale, kisha hurudishwa kwenye moto mdogo. Zinaweza kukaa hapo kwa saa nyingi bila kuharibika, na ladha ya jani ikazidi kuingia. Mgeni aliyekwama kwenye foleni ya Nakulabye atakuta chakula cha moto, na hakuna atakayelazimika kupika upya.

Kitoweo nacho hupikwa kwa mtindo huo huo. Luwombo ni kuku, nyama ya ng'ombe, uyoga au karanga za kusaga zilizofungwa ndani ya jani changa lililolainishwa kwa moto. Simulizi za Buganda hukihusisha chakula hiki na jiko la Kabaka Mwanga II, miaka ya 1880. Mwanga ni mmoja wa makabaka wanne waliozikwa katika makaburi ya kifalme ya Kasubi, yaliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Kwa mwenyeji, uzuri wa luwombo uko pia kwenye hesabu: kila mtu hupata kifurushi chake. Wageni wakiwa 35, hufungwa vifurushi 35 na vichache vya akiba, na hakuna ugomvi wa nani kapewa paja na nani kapewa shingo.

Ndiyo maana kazi kubwa hufanywa tarehe 24. Jioni hiyo wanawake, vijana na watoto hukaa pamoja kumenya ndizi na kufunga majani, na sufuria huinjikwa usiku. Asubuhi ya Krismasi, wanaokwenda misa Rubaga au ibada Namirembe huondoka wakijua kwamba anayebaki nyumbani ana kazi ya kuongeza kuni au mkaa tu.

Kinachobaki ni kuwajua wageni. Muganda hali muziro wa ukoo wake. Mtu wa ukoo wa Butiko hali uyoga, na wa Nsenene hagusi senene, wadudu ambao msimu wao wa Novemba huwafikisha hadi meza za sikukuu. Familia nyingi zina Wakristo na Waislamu, hivyo ni busara kumwomba ndugu Mwislamu achinje, ili wote wale sufuria moja. Mwenyeji hukumbuka pia desturi ya ukwe: mwanamume na mama mkwe wake hawagusani wala hawali pamoja. Mikeka ya pande mbili hupangwa mapema, kabla mtu hajaaibika mbele za watu.

Mzigo mzito zaidi ni fedha. Mitaa mingi ya Kampala ina vikundi vya nyama, ambako wanachama huchanga kidogo kidogo mwaka mzima, na Krismasi ikifika hununua ng'ombe, wakamchinja na kugawana. Ni ndugu wa vikoba vya Tanzania na vyama vya Kenya. Asiye na kikundi huweza kuwagawia jamaa mapema: huyu alete mchele, yule soda, kaka wa Masaka aje na mikungu miwili kutoka shambani. Kwa ndugu wa Kiafrika kuombwa mchango si matusi. Kinachouma ni kuombwa siku mbili kabla, wakati nauli zimeshapanda.

Mchango huo una maana kubwa kwa sababu muhula wa kwanza wa shule Uganda kwa kawaida huanza mapema Februari. Karamu iliyobebwa na mtu mmoja mara nyingi huliwa kwa ada ya watoto wake.

Lipo pia jambo lisilohitaji shilingi. Nyumba nyingi mama aliyekesha jikoni hula mwisho, chakula kikiwa kimebaki cha pembeni. Kwa kuwa luwombo huhesabiwa, kifurushi chake kinaweza kufungwa cha kwanza na kutiwa alama. Vyombo navyo vinaweza kuoshwa na wajukuu na wanaume waliokwisha kushiba, naye akakaa mkekani na dada zake aliowaona mara ya mwisho Krismasi iliyopita.