Je, Wajua? Chuo Chenye Kiwanja Chake cha Ndege

Kiwanja cha kwanza cha ndege kumilikiwa na chuo kikuu nchini Marekani ni cha Purdue, jimbo la Indiana. Kilianza miaka ya 1930, kwenye ardhi iliyotolewa na mwenye viwanda David Ross.

Ukitoka Indianapolis, shika barabara kuu ya I-65 kuelekea kaskazini, karibu saa moja kwa gari. Chepuka kwenye njia ya kutokea namba 172, fuata barabara ya 26 upande wa magharibi, pita mjini Lafayette, kisha vuka mto Wabash. Kiwanja kiko kusini-magharibi mwa chuo, jirani kabisa na madarasa.

Rubani Amelia Earhart aliajiriwa chuoni hapo mwaka 1935 kuwashauri wanafunzi wa kike. Taasisi ya utafiti ya chuo hicho ndiyo iliyosaidia kugharimia ndege yake, Lockheed Electra yenye injini mbili. Julai 1937, akiizunguka dunia, alipotea nayo Bahari ya Pasifiki pamoja na Fred Noonan, mwongoza njia wake. Mpaka leo haijathibitika walikoishia.

Ukifika Purdue, ulizia maktaba ya chuo: barua na picha za Amelia zimehifadhiwa humo.