Mbwa Mwitu Mbele ya Mifupa

Dungeons & Dragons, mchezo wa Gary Gygax na Dave Arneson uliochapishwa Marekani mwaka 1974, huchezwa mezani kwa mazungumzo, karatasi na dadu. Kila mchezaji huigiza mhusika wake; msimamizi wa mchezo huwaigiza wengine wote. Druidi ni kuhani wa maumbile, na jina lake limetokana na makuhani wa Wakelti wa kale. Katika toleo la 3.5, la mwaka 2003, huanza safari akiwa na mnyama mwandani. Tuseme ni mbwa mwitu.

Tuanze na akili ya mnyama huyo. Binadamu wa kawaida ana alama 10 au 11. Mbwa mwitu ana 2. Mashauri ya vita hayamwingii kichwani. Anachojua ni amri alizofundishwa: njoo, kaa, linda, shambulia.

Amri nayo ina hesabu yake. Mchezaji hurusha dadu la pande 20, hujumlisha ujuzi wake wa kuongoza wanyama, na jumla ikifika 10, amri inatiiwa. Jambo ambalo mnyama hakufundishwa linahitaji 25. Kwa mwandani wake, druidi huongezewa 4, tena amri ya kawaida haimlii zamu.

Sasa mchukue druidi mchanga mwenye ujuzi wa 4. Pamoja na nyongeza ile ana 8, kwa hiyo amri ya kawaida humshinda pale tu dadu linapotoa 1. Lakini mnyama aliyefundishwa kushambulia kwa kiwango cha kawaida hushambulia watu, majitu na wanyama wenzake. Mifupa inayotembea haigusi. Ili amsukume aivamie, druidi anahitaji 17 au zaidi, yaani pande 4 tu kati ya 20. Wachezaji wengi hapo hunung'unika kwamba kanuni inawapunja.

Hebu tutazame kinachofuata. Mbwa mwitu amegoma. Druidi anaweza kumshurutisha tena, kumrudisha nyuma, au kusimama mbele yake na kupokea yeye mapigo. Baadaye anaweza kutenga juma zima amfundishe kuvamia hata viumbe vya namna hiyo. Kila uamuzi unaonyesha aina ya uhusiano, na usingekuwapo kama mnyama angetii kila neno.

Limebaki swali la nani amwigize mnyama. Akiachiwa mchezaji peke yake, mara nyingi hugeuka silaha ya pili yenye manyoya. Akiachiwa msimamizi peke yake, druidi hubaki mtazamaji tu. Kwa maoni yangu, mchezaji ashike amri, msimamizi ashike hofu, njaa na harufu: mnyama asimame ghafla njiani bila kuamriwa, masikio juu, na druidi ndiye alazimike kukisia amesikia nini.