Kipepeo mkubwa na fukusi wa mawese

Katika misitu yetu ya Kongo yuko kipepeo anayeitwa Papilio antimachus. Akikunjua mabawa aweza kufikisha sentimita 23, kupita kiganja cha mtu mzima. Dume hushuka kunywa kwenye udongo wenye maji. Jike hukaa juu vileleni, na waliomwona ni wachache. Wakusanyaji wa ng'ambo humnunua.

Mdudu wa pili hakuna anayemtundika ukutani. Ni fukusi mwenye pua ndefu, milimita 4 hivi, akaaye katika maua ya mti wa ngazi, ule unaotupa mawese. Mti huo huchanua maua dume na maua jike mbalimbali. Fukusi hula na kutaga mayai kwenye maua dume. Ua jike likifunguka, hutoa harufu inayofanana, naye huenda, asikute chakula (kusema kweli, anadanganywa), lakini amekwisha kuacha pale unga wa ua dume. Ndipo ngazi zinazaa.

Malaysia walipanda ngazi za Afrika pasipo fukusi huyu, wakawa wakilipa vibarua kupaka unga ule kwa mkono, mti kwa mti. Mwaka 1981 wakamleta kutoka Kameruni, na kazi hiyo ikakoma.

Sisi tunaye bure. Ila tukimwona shambani, ni rahisi kumdhania yule mharibifu wa migomba na kutafuta dawa ya kumuua. Yule ni mweusi, mkubwa zaidi, na watoto wake hutoboa shina chini kwenye udongo. Huyu wetu yuko juu, mauani.