Kidato cha nne: alama moja inavyobadili divisheni

Kila mwaka ifikapo Oktoba parokia nyingi hutangaza Misa ya kuwaombea watahiniwa wa kidato cha nne. Ni jambo jema, ila mtihani ni Novemba, na sehemu ya alama imekwisha kukusanywa shuleni kwa upimaji endelevu. Tumeona tueleze namna mtihani huu unavyohesabiwa, kwa sababu wazazi wengi tunaokutana nao katika utume huku Buseresere, wilayani Chato, wanalijua neno divisheni bila kujua linapatikanaje.

Baraza la Mitihani la Tanzania humpangia mwanafunzi daraja katika kila somo: A ni kuanzia 75, B 65, C 45, D 30, na chini ya hapo ni F. A ina pointi 1, B 2, hadi F yenye 5. Hujumlishwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Pointi 7 hadi 17 ni divisheni ya kwanza, 18 hadi 21 ya pili, 22 hadi 25 ya tatu, 26 hadi 33 ya nne. 34 na 35 ni sifuri.

Sasa chukua kalamu. Mwanafunzi aliyepata 44 katika masomo yote saba ana D saba, yaani pointi 28: divisheni ya nne. Mwenzake aliyepata 45 katika yote ana C saba, pointi 21: divisheni ya pili. Alama moja tu kwa kila somo! Huyu anaweza kuchaguliwa kidato cha tano. Yule hawezi, kwani hana hata C moja. Na kwetu huku kijana aliyekosa nafasi hakai nyumbani muda mrefu akiwaza. Machimbo ya dhahabu yapo, maduara yapo, na wenzake wa darasa la jana wamekwisha kutangulia.

Hizo alama moja moja hupotelea wapi? Baraza hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo na swali kwa swali, na zinapatikana bure kwenye tovuti yake. Sababu moja hujirudia humo: mtahiniwa hakuelewa swali linamtaka afanye nini. Anatakiwa aeleze, yeye anaorodhesha. Anatakiwa atofautishe, anaeleza kimoja na kukisahau cha pili. Wengine hunakili swali lenyewe. Si uvivu. Mtoto huyu nyumbani anasema Kisukuma, amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza karibu masomo yote yamegeuka Kiingereza. Akikutana na "account for" katika Historia anawaza akaunti ya benki, kumbe anaombwa atoe sababu.

Sisi tunaosoma falsafa huanza na mantiki, na humo tunafundishwa kutenganisha kutaja, kufasili na kuthibitisha. Tulidhani hayo ni ya Aristotle na wenzake tu. Lakini tunapokaa na vijana wa kidato cha nne, zoezi hilo ndilo linalowasaidia zaidi. Tunachukua mtihani wa miaka iliyopita, na kwa nusu saa ya kwanza hakuna ruhusa ya kujibu. Kila mmoja anapigia mstari neno linaloamuru, anasema kwa Kiswahili (au Kisukuma, hatukatazi) anachotakiwa kufanya, kisha anaangalia swali lina alama ngapi ili ajue aandike kiasi gani. Kuandika kwa Kiingereza kunafuata baadaye. Tuisheni ya kukaririsha majibu ya zamani hatuipendi: swali likigeuzwa kidogo tu, kijana hana pa kushika.

Kinachokosekana mara nyingi ni mahali penye meza na taa. Siku za gulio watoto wanasaidia kuuza, na jioni nyumbani hakuna utulivu. Ukumbi wa parokia hukaa mtupu jioni nyingi. Jumuiya ndogo ndogo zikipeana zamu za kuusimamia, unatosha, na ni vema uanze na wa kidato cha pili.

Kwa aliyekwisha kupata sifuri, anaweza kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Tena tangu Novemba 2021 serikali imewaruhusu waliokatisha masomo kurudi shuleni, wakiwemo wasichana waliojifungua. Kuna mabinti katika jumuiya zetu ambao bado hawajaambiwa hilo.