Moyo Ukipona, Nafsi Nayo Iuguzwe

Aliyenusurika mshtuko wa moyo hurudi nyumbani na maagizo ya maisha yake yote: ameze dawa kila siku, afanye mazoezi, alale vya kutosha, aachane na sigara na asizidishe pombe. Kuyatimiza kunahitaji nguvu ya nafsi, nayo mara nyingi huwa imepungua. Takribani mgonjwa mmoja kati ya watano hupata sonona baada ya mshtuko huo.

Uhusiano kati ya hisia njema na mazoea ya afya ulichunguzwa katika utafiti wa Heart and Soul, uliofanyika San Francisco, Marekani, kwa zaidi ya wagonjwa 1,000 wa mishipa ya moyo. Kila mmoja alipewa orodha ya hisia 10, zikiwemo hamasa, shauku na fahari, akajipima kwa alama 1 hadi 5. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2015 na Nancy Sin na wenzake yalionyesha kwamba wenye hisia njema zaidi walifanya mazoezi zaidi, walilala vizuri, walimeza dawa kama walivyoagizwa na wengi wao hawakuvuta sigara. Kuanza na furaha nyingi hakukutabiri mabadiliko ya baadaye. Lakini wale ambao hisia zao ziliimarika katika miaka 5 waliimarika pia katika mazoezi, usingizi na dawa.

Mfano wa statini unasaidia kueleza sababu. Kidonge hiki hupunguza lehemu, lakini anayekimeza hasikii nafuu yoyote asubuhi ile. Faida yake iko miaka ya mbele. Anayeitazamia miaka hiyo kwa matumaini hakisahau kwa urahisi. Mazoezi nayo huchangamsha nafsi, na nafsi iliyochangamka hutamani kutembea tena kesho. Hivyo huenda kila kimoja hukivuta kingine, ingawa utafiti wa aina hii hauthibitishi kipi ni chanzo.

Mgonjwa anaweza kuanzia popote. Kwa ruhusa ya daktari, matembezi ya dakika chache huongezwa polepole kuelekea dakika 150 kwa wiki. Kutembea na jirani, kurudia kazi ya mikono aipendayo au kukumbuka mema ya siku kabla ya kulala husaidia pia.

Furaha haichukui nafasi ya dawa, wala mgonjwa mwenye huzuni hastahili lawama. Huzuni ikidumu wiki mbili, daktari aambiwe: sonona ni ugonjwa, na inatibika.