Je, Wajua? Dodoki, Wembe na Chanuo: Usafi Ndio Nusu ya Urembo

Kata ya Mabawe ipo Ngara, mkoani Kagera, katika wilaya inayopakana na Rwanda na Burundi. Huko, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Tanzania, watu hujipamba nyumbani. Wanaosukana hukaa kibarazani, anayenyolewa huketi kivulini, na vifaa ni vilevile vya siku zote: dodoki, chanuo, wembe, mafuta ya mgando na sabuni. Vinatosha kabisa. Lakini kifaa hichohicho kinachompendezesha mtu kinaweza pia kubeba ugonjwa kutoka kwake hadi kwa mwenzake. Haya ni mambo ambayo kila nyumba inafaa iyajue.

Dodoki ni tunda

Je, wajua kwamba dodoki la kuogea ni tunda la mmea wa jamii ya maboga na matango? Likiwa changa huliwa kama mboga. Likiachwa likomae na kukaukia kwenye mti wake unaotambaa, huwa jepesi, ganda hugeuka kahawia, na ukilitikisa mbegu hulia ndani. Hapo liloweke majini, menya ganda, kung'uta mbegu, suuza mpaka ute uishe, kisha lianike juani. Mbegu unazotoa ndizo za kupanda kando ya ua msimu unaofuata.

Tatizo huanzia bafuni. Dodoki lililoachwa likiwa na maji hubaki na seli za ngozi katikati ya nyuzi zake, na humo bakteria huzaliana kwa saa chache tu. Ukishaoga, lisuuze, likamue na ulitundike penye upepo au jua. Libadilishe kila baada ya mwezi hivi, na kila mtu awe na lake.

Mafuta ya mgando hayana maji

Zamani, kabla ya mafuta ya dukani, watu wa nchi za Maziwa Makuu wenye ng'ombe wa pembe ndefu walijipaka samli. Kisha yakaja mafuta ya mgando. Mmarekani Robert Chesebrough aliyapatia hataza mwaka 1872, akiyatoa kwenye mabaki ya mafuta ya petroli.

Je, wajua kwamba mafuta haya hayaongezi unyevu wowote kwenye ngozi? Kazi yake ni kuzuia maji yaliyopo yasitoke. Ndiyo maana ukiyapaka kwenye ngozi kavu hupati faida kubwa. Jipake mara tu unapotoka kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Wakati wa kiangazi, vumbi linapozidi na visigino vikipasuka magaga, loweka miguu kwenye maji ya uvuguvugu, isugue taratibu, ipake mafuta, kisha vaa soksi ulale nazo. Na usichovye vidole vichafu koponi. Tumia kijiko kidogo kisafi.

Funza alikuja kwa meli

Mwaka huohuo wa 1872, meli iliyotoka Brazil ilitia nanga Ambriz, Angola. Je, wajua kwamba inaaminika ndiyo iliyotuletea funza wa miguuni? Kabla ya hapo alikuwa mdudu wa Marekani ya Kusini na Kati. Alisafiri na misafara ya wapagazi, na kufikia miaka ya 1890 alikuwa ameshafika ukanda wa Ziwa Viktoria.

Funza jike huingia ndani ya ngozi, hasa pembeni mwa kucha, na humo huvimba hadi ukubwa wa punje ya njegere akiwa amejaa mayai. Wengi humchokoa kwa pini au mwiba, kisha pini hiyohiyo ikaenda kwa mtoto wa pili na wa tatu. Pini ya namna hiyo inaweza kuleta pepopunda na magonjwa ya damu. Njia salama ni dawa ya mafuta ya dimetikoni, ambayo humziba funza pumzi akafia humohumo bila mtu kuchomwa. Ikibidi kumtoa kwa ncha, iwe sindano mpya ya mtu mmoja, na jeraha lioshwe kwa sabuni. Kinga yenyewe ni viatu, na sakafu isiyo na vumbi.

Wembe ulibuniwa ili utupwe

King Camp Gillette alipata hataza ya wembe mwembamba wa kubadilisha mwaka 1904. Nia yake ilikuwa hiyohiyo: ukiisha makali, utupe. Sisi tukaufanya wa familia nzima, kuanzia ndevu za baba, nywele za mtoto hadi kucha za bibi.

Je, wajua kwamba kirusi cha homa ya ini B kinaweza kukaa hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na kikaambukiza? Hakihitaji damu unayoiona kwa macho. Tone lisiloonekana kwenye ukingo wa wembe linatosha. Kwa hiyo kuufuta wembe kwa kitambaa si kuusafisha.

Mkoa wa Kagera unaelewa uzito wa jambo hili. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini walipatikana katika mkoa huu mwaka 1983, na baadaye kauli ya kila mtu na wembe wake ilihubiriwa nchi nzima. Tuendelee kuishika, kwa sababu homa ya ini B huambukiza kwa urahisi zaidi kuliko Virusi vya UKIMWI. Watoto hupata chanjo yake kliniki wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Watu wazima wengi hawajawahi kuipata, na wanaweza kuulizia hospitalini.

Spiriti ya asilimia 70 inashinda ya asilimia 100

Je, wajua kwamba spiriti iliyochanganywa na maji kidogo huua vijidudu vizuri kuliko spiriti tupu? Spiriti tupu hukauka haraka mno. Maji huichelewesha kukauka na kuisaidia kupenya na kuharibu protini za kijidudu.

Kinyozi makini utamjua kwa mpangilio wake. Huzima mashine, hukung'uta nywele kwa brashi, hufuta meno ya mashine kwa pamba yenye spiriti, kisha huiacha ikauke ndipo aiguse shingo ya mteja anayefuata. Usione haya kumwomba afanye hivyo mbele yako. Ukinyolewa nyumbani, vifaa visivyo vya umeme vioshe kwa sabuni, kisha viloweke kwa dakika 10 katika Jik: sehemu 1 ya Jik yenye nguvu ya asilimia 3.5 kwa sehemu 6 za maji. Visuuze na kuvikausha, maana Jik hula chuma.

Mapunye si uchafu wa mtoto

Mabaka meupe yanayonyonyoa nywele za watoto, yaani mapunye, huletwa na fangasi. Huhama kwa chanuo, kofia, taulo na mashine ya kunyolea. Je, wajua kwamba dawa ya kupaka peke yake kwa kawaida haiyaponyi? Fangasi hujificha ndani ya shina la unywele, mahali ambapo dawa ya kupaka haifiki. Mtoto huhitaji vidonge kwa wiki kadhaa, na asipewe mpaka aonwe kwenye zahanati. Chawa ni rahisi zaidi: akitoka kichwani hamalizi siku 2 akiwa hai. Loweka chanuo dakika 10 kwenye maji ya moto ambayo mkono hauvumilii.

Nywele zikibana mno, zinaondoka

Je, wajua kwamba msuko unaouma ni onyo? Twende kilioni iliyovutwa kwa nguvu, au rasta nzito, hung'oa nywele za pembezoni mwa paji la uso. Dalili ya kwanza ni vipele vidogo kwenye ukingo huo. Ukiviona, fumua na upumzishe kichwa. Kuvuta kukiendelea kwa miaka, mzizi wa unywele hufa na nywele hazirudi.

Wanaume nao wana vyao. Vipele vya ndevu hutokana na unywele uliojikunja kukua kurudi ndani ya ngozi. Kadiri unavyonyoa hadi chini kabisa, ndivyo vinavyozidi. Nyoa kwa kufuata uelekeo wa ndevu, na bakiza kidogo.

Limau na jua haviendani

Wapo wanaosugua uso kwa limau au ndimu ili uwe laini, kisha wakaenda shambani. Je, wajua kwamba maji ya ndimu yakipigwa na jua ngozini yanaweza kuunguza na kuacha madoa meusi ya miezi? Ukitaka cha kupaka kutoka jikoni, chukua asali. Maji yake ni machache, ni yenye asidi, na hutengeneza hidrojeni peroksaidi kidogo, ndiyo maana vijidudu vingi haviishi humo. Paka nyembamba, kaa dakika 15, osha.

Hina ya kweli haiwi nyeusi

Hina halisi hutoa rangi ya wekundu na kahawia, na huchukua saa kadhaa kuiva. Ikishika weusi kwa muda mfupi, ujue imetiwa piko, rangi ya nywele inayoweza kubabua ngozi. Wanja nao, hasa wa unga wa jiwe, huweza kuwa na madini ya risasi, sumu kwa ubongo wa mtoto. Usimpake mtoto mchanga, na kijiti cha wanja kisiazimwe, maana huhamisha ugonjwa wa macho mekundu.

Mkorogo na zebaki

Je, wajua kwamba baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi huwa na zebaki? Hupenya ngozini ikaharibu figo, na kwa mjamzito humfikia mtoto tumboni. Mkataba wa kimataifa wa Minamata kuhusu zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, ambao Tanzania ni mwanachama wake, unapiga vita vipodozi hivyo. Soma lebo. Ukiona neno mercury, calomel au herufi Hg, rudisha dukani. Ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili dhidi ya jua, na mkorogo huiondoa kinga hiyo.

Sabuni ya kipande bado ni bingwa

Tarehe 20 Januari 2025 serikali ilitangaza mlipuko wa ugonjwa wa kirusi cha Marburg katika wilaya ya Biharamulo, jirani ya Ngara. Watu 10 waliohesabiwa kuugua wote walifariki, na mlipuko ulitangazwa kuisha tarehe 13 Machi. Je, wajua kwamba kirusi hicho cha kutisha kimefunikwa kwa utando wa mafuta ambao sabuni ya kawaida huuvunja?

Basi anayesuka, anayenyoa na anayepaka wote waanze kwa kunawa mikono kwa sabuni, pamoja na chini ya kucha. Kisha kila mmoja nyumbani awe na chanuo lake, dodoki lake, wembe wake na mswaki wake, vyenye alama ili visichanganywe. Gharama yake ni ndogo kuliko chupa moja ya krimu, na faida yake ni afya ya nyumba nzima.